Majina kwa Herufi Kubwa

Saa tisa usiku simu ikatetemeka juu ya debe la unga.
Imethibitishwa. Umepokea shilingi hamsini
kutoka kwa PERPETUA ALUOCH ODERO,
na mimi, jicho moja bado limelala,
nikalisoma jina lote kwa sauti
mpaka jirani akagonga mabati: mama, kuna nini?

Hakuna kitu. Nimeuza wimbo.

Babu yangu alipopiga orutu matangani kule Seme,
mtu aliyetaka sifa aliinuka, akatupa sarafu kwenye sinia,
ngoma ikanyamazishwa,
akajitaja: mimi mwana wa fulani, mkwe wa kule,
fahali anayekunywa mto akaacha matope.
Babu akalipokea lile jina, akalifunga kwenye uzi,
akalizungusha mpaka mwenyewe akatafuta leso.
Uzi mmoja tu. Orutu haina zaidi.
Hatukuwa na neno la mteja.
Tulikuwa na pakruok: lipa, jitape,
kisha usikie jina lako likirudi limenenepa.

Halafu ikaja kaseti, likaja duka, akaja bwana mwenye mkoba
akaniwekea karatasi sita mezani,
nikatia sahihi kwa kalamu yake.
Miaka kumi na mmoja
nikajisikia kwa kinyozi, kwenye bucha,
kwenye harusi ya watu nisiowajua huko Ahero,
nisimjue hata mmoja aliyelipa.
Hilo ndilo lililoniuma.
Pesa pia iliniuma, nisidanganye.
Lakini majina.

Sasa naimbia ndani, hapa Nyalenda,
blanketi mbili mlangoni, godoro limeziba dirisha,
binti yangu Lavenda ameshika simu, ananikataza kukohoa.
Mvua ikinyesha tunaacha.
Jogoo wa mama Benta haachi,
kwa hiyo yumo kwenye wimbo wa tatu, bila malipo.

Lavenda akaupandisha mtandaoni, akabandika bei.
Siku nne, kimya.
Ya tano, BONFACE OUKO RABALA, shilingi mia,
na ujumbe nyuma yake: jogoo msimtoe.
Akaja JELAGAT wa Eldoret, mia mbili,
hajui neno hata moja la lugha yangu,
anasema huchemshia chai humo.

Nayaandika yote kwenye daftari la chama.
Jumapili napiga ukurasa mmoja,
kila jina na mzunguko wake,
Lavenda anawatumia wenyewe.
Perpetua alijibu upesi:
asante sana, lakini mume wangu mbona umemruka?

Juzi, shilingi hamsini. KENNEDY OPONDO WASONGA.

Huyu namjua.
Kibanda cha buluu Kondele, kompyuta yenye feni inayopumua kwa shida,
nyimbo zangu zote kwenye flashi, mia moja tu,
na filamu moja ya nyongeza.
Miaka yote ameniuza
bila kuniuliza nimeamkaje.
Leo amenunua mmoja. Kihalali. Kwa jina lake kamili.

Mrudishie, Lavenda akasema.
Kufika Ijumaa mji mzima utakuwa nao.

Najua, mwanangu. Najua.

Nilikaa na upinde mapajani hadi chai ikapoa.
Babu hakumuuliza mtu sarafu yake imetoka wapi.
Sijui kama ilikuwa hekima au njaa.

Opondo, nikaanza, Opondo mwana wa Wasonga,
mwenye mikono mirefu kuliko mchana,
mla sahani asiyoiosha,
mlinzi wa mali ya waliolala,

nikarudia hapo, waliolala, waliolala,
uzi ukavuma,
jogoo akadakia ng'ambo ya ukuta,
na Lavenda, midomo bado ameivuta,
akabonyeza kitufe chekundu.